Niliumwa kwa Jina la Kaka Yangu

Asubuhi niliyoondoka Kanazi sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekaa pale msimu mzima wa kahawa, nikigeuza buni juani kwa mzee mmoja, na siku hiyo niliamka nikaona miguu inataka barabara. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu kutoka dawati langu barabara ilionekana, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kwenda kutazama kilichopo baada ya kona. Nilikunja blanketi, nikamuaga mzee.

"Unakwenda wapi, Proje?" akaniuliza.

"Nitajua nikifika."

Tofauti ya safari hiyo ilikuwa kikohozi. Kilikuwa cha wiki nyingi, nami nilikwisha kukizoea kama unavyozoea mbwa wa jirani. Nilipolala nilitoka jasho hadi blanketi likanuka. Mkanda wa suruali nilikuwa nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari. Dereva wa lori la ndizi aliyenipa lifti alinisikiliza kwa muda, akasimamisha gari, akasema, "Rafiki, hamia nyuma. Kakohoe na ndizi." Nikahamia. Huko juu ya mikungu, ukungu ukinipita usoni, nilikohoa kitu chenye ladha ya chuma. Nikafungua kiganja: damu. Hapo nikajua ninakokwenda. Nilikuwa nakwenda Muleba, Kimwani, kwa Deusi.

Deusi ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Tunafanana uso, hatufanani maisha. Yeye ana kibanja chake cha migomba, mke na watoto wanne. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na kila asubuhi alimeza kidonge chake cha presha kabla ya chai, bila kukosa. Aliponiona nikishuka njiani hakunisalimia. Alisimama tu na panga lake.

"Waitu, ndugu yangu Proje," alisema. "Umebaki macho."

Mkewe, Ma Leokadia, alinipa uji, nami sikuumaliza. Deusi akauliza kama nina bima. Nikasema sina. Akaingia ndani akatoka na kadi yake.

"Nenda na hii kituoni. Sema wewe ndiye mimi."

"Na picha?"

"Hiyo picha hata mimi sifanani nayo."

Nataka uelewe, wewe unayesoma, kwamba kwetu jambo hili halikuonekana kosa. Kadi ya nyumba ilikuwa kama jembe la nyumba: anayekwenda shambani leo ndiye hulibeba. Nimejua mtu na wifi yake waliotumia kadi moja miaka, na hakuna aliyewakemea. Enzi za madaftari pengine halikumdhuru mtu. Ulinunua daftari la mazoezi, ukalivika gazeti, daktari akaandika, ukarudi nalo nyumbani ukaliweka chini ya godoro. Ugonjwa wako ulilala chini yako. Na nitasema ukweli mwingine: nilipenda kuazima jina. Mtu wa njiani kama mimi hupenda kupita mahali bila kuacha alama.

*

Kituo cha afya kilikuwa na benchi refu la mbao na dirisha moja la mapokezi. Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndani ya dirisha, na kioo chake kilitazama benchi, kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa kwenye ukuta ule na waya haukufika kwingine. Tulioketi mbele tulisoma yote. Chini ya kioo kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imeandikwa neno la siri la kufungulia. Hata mimi wa darasa la sita nililikariri kabla sijaitwa.

"Deusdedit!"

Sikuinuka.

"Deusdedit, wewe unayekohoa!"

Nikainuka. Muuguzi aliitwa Sista Jenitha, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima uzito, akaandika, kisha akakitazama kioo. Akapima tena.

"Mwezi wa tano ulikuwa kilo sabini na moja," alisema. "Leo ni arobaini na tisa. Umepitia wapi wewe?"

Kwenye kioo kulikuwa na mstari. Ulikwenda sawasawa miaka yote ya Deusi, halafu ukaanguka kama jiwe lililotupwa kisimani. Niliutazama mstari ule nikaona baridi. Palikuwa na mtu mle ndani ambaye hayupo duniani, mwenye miaka ya kaka yangu na mapafu yangu, na mtu huyo alikuwa anayeyuka.

Daktari naye akasoma. Akaniuliza presha inaendeleaje, nikasema vizuri. Akaniuliza kama bado nameza kidonge cha asubuhi, nikasema ndiyo. Akanilaza kitandani, akanibonyeza tumbo upande wa kulia.

"Imeandikwa ulipasuliwa ngiri hapa."

"Ndiyo."

Alipapasa ngozi yangu, ambayo haijawahi kuguswa na kisu.

"Jeraha limepona vizuri sana," alisema.

Makohozi yalijibu siku ya tatu: kifua kikuu. Dawa miezi sita, bila kukosa hata siku moja. Sista Jenitha akasema mke wangu ndiye atakayenisimamia kumeza, akasoma jina lake kwenye kioo: Leokadia. Ndivyo shemeji yangu alivyopata mume wa pili. Kila asubuhi alinisimamia mlangoni na kikombe cha maji, mkono kiunoni.

"Meza, mume wa kompyuta," alikuwa akisema. "Yule wa ndoa ameshameza chake."

Tulicheka. Wiki za mwanzo zilihitaji kicheko. Vidonge vinne vilinigeuza tumbo, viungo viliuma kama nimebeba magunia, na mkojo wangu ukawa mwekundu kama maji ya kutu. Siku ya kwanza nilipiga kelele nikidhani nakufa, ingawa Sista alikuwa ameniambia. Hata machozi yalibadilika rangi. Kama umeanza dawa hizi leo na umeona hayo, tulia. Ni dawa inapita.

Nilipewa kibanda cha nyuma, chenye dirisha wazi upande wa migomba. Chakula nililetewa kwenye sahani yangu peke yangu. Sikulalamika. Watoto wa Deusi walinisalimia kutoka mbali na kukimbia. Mwezi wa pili wa dawa senene walikuja, Ma Leokadia akawakaanga, na harufu ile ikanitoa kitandani kabla hajaniita. Nilikula bakuli zima. Aliposikia bakuli tupu likiwekwa chini, alisimama jikoni akaniangalia kwa mbali, akapangusa macho kwa kanga, kisha akajifanya ni moshi.

*

Simu ilikuja katikati ya mchana, wiki ile ile. Deusi alikuwa kazini, simu yake ameiacha inachaji kwenye betri ya sola, nami nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikaipokea.

"Deusi, mwanangu," sauti ikasema. Ilikuwa ya mzee, taratibu, Kihaya cha zamani kisichochanganywa. "Kilo arobaini na tisa ni chache kwa mwanaume."

Nilibana simu sikioni.

"Mkeo Leokadia anakupa vidonge vinne. Vinakula ini. Makohozi ya pili utapeleka Jumanne. Usipeleke. Acha vile vidonge, nina unga wangu wa mizizi."

"Wewe nani?"

"Mtu anayekuona," akasema, na akakata.

Nilitoka nje. Migomba ilikuwa imesimama tu, hapakuwa na upepo, lakini jani moja, la mgomba wa mwisho kabisa karibu na njia, lilikuwa linatikisika peke yake. Nililitazama hadi likatulia. Nimelala njiani miaka mingi, kwenye masoko na ndani ya malori, sijawahi kuogopa kama mchana ule. Kisha nikaanza kufikiri. Sikuwa tena kilo arobaini na tisa. Nilikuwa hamsini na nne. Yule mzee alikuwa ananiona nilivyokuwa siku ya kwanza. Ni kama nyota: unaitazama, kumbe mwanga wake ni wa zamani.

Jumanne nilipeleka makohozi. Sauti ikapiga tena Alhamisi, na Jumamosi. Safari zile Deusi ndiye aliyepokea. Hakuniambia kilichosemwa. Niliona tu ameanza kuiweka simu kifudifudi.

Na kituoni watu wa benchi walikuwa na macho. Siku moja mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alisoma kioo kwa sauti ya chini, midomo ikicheza, mstari kwa mstari: jina, kijiji, kifua kikuu. Hakuninong'onea wala kunitazama. Alisogea tu, taratibu, hadi mwisho wa benchi. Jioni ile Kimwani yote ilijua kwamba Deusi mpishi ana TB.

Kaa hapo ulifikirie. Mtu anayekohoa alikuwa mimi. Nilikuwa nakohoa wazi, kijiji kizima kikinisikia, lakini mimi nilikuwa mpita njia asiye na jina, na kompyuta ilikuwa imesema ni Deusi. Macho yakamwendea yeye. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, mikono ilibaki mifukoni. Kamati ya shule ikamwita. Mwenyekiti alimwambia kwa heshima, "Ta Deusi, pumzika kwanza. Chakula cha watoto, unajua mwenyewe." Akapumzika. Wangemwuliza, angewajibu nini? Akisema si yeye, anajitangaza kuwa ameazimisha kadi ya bima.

Alianza kukonda. Alianza kusafisha koo kila dakika, kikohozi kidogo kikavu ambacho hakikuwa na chochote ndani. Nilikisikia asubuhi kutoka kibandani nikadhani ni changu.

"Deusi, una nini?" nilimwuliza.

"Sina kitu."

"Mbona unakohoa?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza jambo la ajabu. "Si naumwa?" alisema.

Siku tatu baada ya hapo, vidonge vya wiki mbili vikiwa mfukoni, nilifanya nilichozoea kufanya. Nilijiambia nikiondoka na ugonjwa utaondoka nyumbani mwao. Sikumuaga mtu.

*

Bukoba nilipata kazi ya kupanga mikungu sokoni, na mahali pa kulala juu ya magunia. Nilimeza vidonge vyangu mbele ya ziwa, bila wa kunisimamia, nikimkumbuka shemeji na mkono wake kiunoni. Vilipobaki vya siku mbili nikaenda kutafuta kituo. Hilo tu najipongeza: sikuthubutu kuacha.

Kituo kile kilikuwa kikubwa na chenye vigae. Nilingoja tangu asubuhi hadi saa saba. Muuguzi alikuwa mwanaume wa makamo mwenye sweta ya kijani, aitwaye Bwana Audax.

"Jina?"

Nikamtajia langu. Mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, likatoka kama la mtu mwingine.

"Hayupo," alisema. "Ulianzia wapi dawa?"

"Muleba. Kimwani. Nadhani wameandika Deusdedit." Namba ya kadi niliijua kwa moyo, nikamtajia.

Akaandika. Akasoma. Aliacha kugusa kitu chochote, mikono ikakaa juu ya meza.

"Deusdedit," alisema polepole. "Hapa inaonyesha jana alfajiri ulianguka mlangoni kwako. Ulizimia. Presha ilishuka sana. Umelazwa Kimwani na hujaruhusiwa kutoka."

Kwa muda mfupi, na sitanii, nilitazama miguu yangu kuona kama ipo.

"Nani amelala kule?" Bwana Audax aliuliza.

Aliinuka, akafunga mlango. Akakigeuza kioo kuelekea ukutani, kisha akakaa si nyuma ya meza bali kwenye kiti cha wagonjwa, pembeni yangu. Tangu nianze kuumwa hakuna aliyekuwa amefunga mlango kwa ajili yangu. Nikamwambia yote.

"Wiki iliyopita alikwenda kliniki ya presha," alisema nilipomaliza. "Daktari aliona kwenye faili kwamba anameza dawa za kifua. Hizo hupunguza nguvu ya dawa ya presha, kwa hiyo akamwongezea dozi. Alifanya sawa kabisa, kwa alichokisoma. Kaka yako anameza dawa za kifua?"

"Hapana. Ni mimi."

"Basi wanamtibu yeye kwa kifua chako."

Akapiga simu Kimwani nikiwa pale pale. Aliwaambia wasimpe tena ile dozi hadi wamsikie mwenye kifua, naye anakuja mwenyewe. Alipokata aliniangalia.

"Ukifika, sema wewe. Yeye atakataa. Na ukikimbia njiani, hilo faili litaendelea kutembea, nalo linajua njia ya kwenda kwake tu."

Akanipa vidonge vya siku saba, akaandika jina langu kwenye karatasi. Langu.

*

Deusi alikuwa kitanda cha mwisho, ukutani. Uso umekuwa wa majivu, na kwenye paji kulikuwa na jeraha la kugonga kizingiti. Ma Leokadia alikuwa ameketi chini na beseni. Aliponiona alisema tu, "Umemeza leo?" Nikasema nimemeza.

"Umewaambia?" Deusi aliuliza bila kufungua macho.

"Nimeanza Bukoba. Sasa namwambia Sista."

"Kadi wataichukua."

"Waichukue."

"Wewe utaondoka, Proje. Huwa unaondoka. Mimi ndiye nabaki Kimwani nikiitwa mwizi."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamwuliza jambo lililokuwa limenisumbua njia nzima. "Daktari alipokuongezea dozi, kwa nini hukumwambia humezi vile vingine?"

"Ningesemaje? Imeandikwa nameza." Akageukia ukuta. "Halafu yule mzee wa simu. Kila siku ananiambia kifua changu kinavyokwisha. Ikafika mahali, asubuhi, nikawa nawaza: labda nimemeza nikasahau."

Ma Leokadia alikamua kitambaa, akamwekea kichwani. Maji yalitiririka hadi sikioni naye hakuyafuta.

Nilimfuata Sista Jenitha kwenye chumba cha sindano. Nilidhani atapiga kelele. Alivua miwani, akaishika.

"Ulitumia kadi ya kaka yako kupata dawa za kifua," alisema.

"Ndiyo."

"Hizo ni bure. Kwa yeyote. Hata asiye na kadi."

Nilikaa chini, sakafuni. Si kwa udhaifu. Sikuona mahali pengine pa kukaa.

"Kuna mzee anapiga simu," nilimwambia. "Anajua kilo zangu. Anajua siku za makohozi. Nani alimwambia?"

Nje mtu alikuwa anaitwa, akaitwa tena.

"Mtandao ulipokatika wiki ile ulipoanza," alisema, "tuliogopa kuwapoteza wagonjwa wapya. Nilipiga picha kile kioo kwa simu, orodha yote, na ratiba zenu, nikaituma kwenye kundi la simu la wafanyakazi, kila mtu afuatilie wa kwake. Tumefanya hivyo mara nyingi. Nia ilikuwa njema." Akavaa miwani. "Mle kundini kuna namba za watu walioacha kazi zamani. Hakuna aliyezitoa. Mmoja wao, sijui ni yupi, aliipeleka picha kwa huyo mzee. Wenzako wawili pia wamepigiwa. Mmoja ameacha vidonge anakunywa unga."

"Yuko wapi?"

"Tunamtafuta. Hali yake si nzuri."

Kwa hiyo hapakuwa na jini. Palikuwa na picha moja iliyopigwa na mtu mwema aliyekuwa na haraka. Ungedhani hofu ingeisha. Kwangu iliongezeka, kwa sababu jini unaweza kuliombea litoke, lakini picha ile siwezi kujua leo iko katika simu ngapi, na kila ilipo, mimi ni kilo arobaini na tisa, na jina langu ni Deusi.

*

Kutenganisha faili kulichukua wiki nne. Nilidhani watafuta tu. Sista alinieleza kwamba hakuna kufuta: kila kilichoandikwa kinabaki, na juu yake inaandikwa kwamba ni makosa, nani kayagundua na lini. Tulikaa naye na daktari, sisi ndugu wawili, tukapitia mstari kwa mstari. Hii kilo ya nani? Hili kovu la nani? Deusi alifungua shati, akaonyesha kovu la ngiri, na daktari alilitazama kwa namna ambayo nadhani alikuwa amelingojea tangu mwezi wa tisa. Mstari wa uzito wa kaka yangu ulipanda ukarudi mahali pake. Wangu ulianza chini kabisa, peke yake, nukta moja.

Deusi aliandika barua ya maelezo. Kadi walikaa nayo kwa muda, wakamrudishia kwa onyo. Meza ya mapokezi iligeuzwa, waya mrefu ukanunuliwa, ile karatasi ya neno la siri ikabanduliwa. Ukiangalia vizuri alama ya gundi bado ipo. Kundi la simu lilivunjwa. Yule mwenzetu wa unga alipatikana, akarudishwa dawani akiwa amebebwa.

Ikabaki shule. Sista alisema anaweza kutoa barua kwamba Deusi hana kifua kikuu, lakini kuhusu mimi hawezi kusema neno, hiyo ni siri yangu. Ndiyo mara ya kwanza nikaelewa siri ni kitu cha nani. Nilikuwa nimeishi nikidhani ni kitu cha kukimbia nacho. Kumbe ni kama kibanja: unaweza kukaa nacho, unaweza kumkatia mtu mkungu, lakini akiingia bila hodi ni mwizi hata akitoka mikono mitupu.

Nilikwenda kwenye kikao cha kamati mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, nikasimama mlangoni ili wasiogope.

"Mgonjwa ni mimi," niliwaambia. "Projestus. Nilitumia jina la kaka yangu. Sasa nina miezi minne ya dawa na makohozi yangu ni safi. Yeye hajawahi kuumwa."

Mama mmoja akasema, "Na tutajuaje safari hii unasema kweli?"

"Sogeeni," nilisema, "nikohoe mwone."

Wakacheka, wawili watatu. Deusi alirudi jikoni wiki iliyofuata. Si wote walioridhika. Wapo waliowafungia watoto wao chakula kutoka nyumbani hadi nilipoondoka, na pengine hadi leo. Kanisani mikono ilirudi mmoja mmoja. Kikohozi chake kikavu kiliisha siku asiyoijua.

Kwa anayeanza: taja jina lako. Uliza nani anasoma. Ukiona kioo kinakutazama wewe na wenzako, waombe wakigeuze. Wengi wataona aibu na kukigeuza. Ukipigiwa na mtu anayejua mengi mno juu yako, usimwogope na usimjibu, nenda ukawaambie kituoni. Na meza vidonge.

Mwezi wa tano wa dawa miguu ilianza tena. Ma Leokadia ndiye aliyeona. Alinifungia maharage na ndizi za kuchoma, akasema, "Sasa wewe si mume wangu tena hata kwa kompyuta. Utamezeshwa na nani?" Deusi alinisindikiza hadi barabarani. Alinishika mkono kwa mikono miwili, hadharani, watu wakipita.

Nilisikia Ngenge wanatafuta watu wa palizi. Nilifika mchana, jua kali, vumbi. Kabla ya kutafuta kazi nilikwenda zahanati na barua yangu ya uhamisho. Muuguzi, binti mwenye sauti ndogo, alifunga mlango, akaweka vidole juu ya vitufe, akangoja.

"Nifungue faili lako?" aliuliza.

Niliutazama mlango aliokuwa ameufunga. Akangoja tu.

"Fungua," nilisema.

Nyumba ya wageni ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba vinne, mama mwenye nyumba akichambua mchele barazani. Alisema kipo kimoja, kina dirisha, na maji ya kuoga yatachemshwa jioni. Akaniashiria kitabu cha wageni, kilichokuwa wazi juu ya stuli mlangoni, kwenye upepo, kalamu imefungwa kwa kamba. Nikainama kuandika. Jina, kabila, kazi, namba ya simu, unakotoka, unakokwenda. Walikuwamo wote waliowahi kulala pale. Mwanaume na mwanamke wa chumba kimoja, majina mawili ya mbali. Mtu aliyeandika "matibabu" mahali pa kazi. Ukurasa ulijifunua wenyewe kwa upepo, kisha mwingine, wakapita mbele yangu kama watu wanaotoka kanisani.

Nikaandika jina langu lote, Projestus, na la baba. Mahali pa unakokwenda nikaandika: hapa. Kisha nikakifunga kitabu, nikaweka jiwe juu yake.

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Mbona unakifunga? Huwa kinakaa wazi."

"Nawafungia wenzangu mlango," nilimwambia, naye akanipa ufunguo.